Usikifute Kipimajoto

Kakuma, Jumapili

Dada Roda,

Ejok, kama wanavyosalimiana huku. Upepo umetia mchanga hadi kwenye chai yangu, lakini nakuandikia nikicheka.

Nimetoka kituo cha hali ya hewa cha Lodwar kuja kutengeneza kipimamvua cha hapa. Jana alasiri nikautandika ule mchezo wetu wa ubao wa kwenda mwezini, uliouchorea darasa lako. Mama Akiru, anayetuuzia maziwa ya ngamia, akaomba kucheza. Kete yake, yaani roketi, ilikuwa kokwa ya tunda la mkoma. Mimi na wenzangu wa kazini tulirusha dadu tukakimbia, yeye akakaa palepale akikusanya zile karata za vipimo, kipimajoto na vingine, unazotaka kuzifuta kwa kuwa wanafunzi wako huzitupa.

"Mama, hizo hazina kazi," nikamwambia.

"Basi mchezo yenu ni mbaya. Sisi hapana hamisha mbuzi kama mtu hajaenda kuangalia majani."

Akamwambia mpishi wetu afunike vyumba vyote vya ubao kwa vifuniko vya soda, na chini ya vingine afiche kijiwe, yaani shimo. Mwenye karata ya kipimo ndiye anayeruhusiwa kuchungulia kabla ya kutua. Mara tukaanza kugombania kipimajoto kama nyama. Mama Akiru alifika mwezini polepole, bila haraka yoyote.

Na mimi ndiye ninayelipwa kusoma kipimajoto kila asubuhi.

Usikifute, dada. Kichore kikubwa. Mwambie mama nimenenepa, ni hayo maziwa.

Nduguyo Wafula, aliyetua shimoni mara tatu.