Bamba la Tantali

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Baada ya miaka minne ya kimya najua utanuna kwanza ndipo usome, basi nuna taratibu, barua haikimbii.

Kiwandani bado tunatengeneza mabamba ya tantali, metali adimu, nzito kama lawama zako, isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi elfu tatu. Hutiwa ndani ya simu, na matangi ya asidi hutandikwa nayo ndani kwa sababu asidi haiwezi kuila. Hata mwilini mwa mtu haishiki kutu, kwa hiyo madaktari huitumia kuziba mifupa iliyovunjika.

Hilo la mwisho nimelijua wiki tatu zilizopita, mnyororo wa winchi ya kunyanyulia mizigo ulipokatika, mzigo ukaniangukia kichwani. Sasa nina bamba kichwani. Jirani yangu wa kitanda hapa hospitalini aliniambia, "Kaka, wewe utatoka na mali ya kiwanda na hakuna askari wa kukupekua!" Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Nakula vizuri. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika najifanya nimelala, wauguzi wasije wakanionea huruma.

Shida ni kwamba nikisimama peke yangu naanguka, na daktari haniruhusu kutoka mpaka ndugu aje kunichukua. Aliniuliza kama nina mtu. Nikamjibu nina dada, yuko njiani.

Nilichokutamkia siku tuliyomzika mama nakikumbuka neno kwa neno. Njoo, dada, unitukane njia nzima tukirudi nyumbani.

Ni mimi, mdogo wako.