Kaye ya Majina ya Benye Kuvuka

Siku ya kwanza ya wiki, 3 Mei 1999

Leo Chishimba wa projet ya kusaidia bakimbizi alikuya pa chanja yangu ya samaki, huku Zambia kando ya ziwa, ye na muzungu wake mwanamuke. Balitaka kuona kaye, daftari yangu ya majina. Nilibaonesha. Tangu Marsi, mwezi ya tatu, kila mutu mwenye anashuka mu mashua kutoka Congo, anakimbia vita, ninamuandika: jina, kijiji, iko na nani, anaenda wapi. Ni hiyo tu. Kesho yake ndugu yake anafika, anauliza. Ninafungua, ninamuambia.

Muzungu alipindua kurasa moja moja. Akasema kitu, Chishimba akatafsiri: "Mama Berthe, haya ni maarifa! Mvua ikipiga, yote inapotea. Tutapeleka Lusaka, tutatia mu mashini ya ordinateur. Wiki moja tu."

Kunda, jirani yangu ule Mubemba, alinivuta nguo — usitoe. Nilitoa. Niliwaza: mashini itatafuta batu mbio kuliko macho yangu.

Siku ya posho, siku ya sita ya wiki, 15 Mei

Karibu wiki mbili. Kaye haiyarudi. Leo batu batatu baliniuliza. Muzee mumoja anatafuta bibi yake. Nilimuambia: papa, ngoja kidogo. Angoje nini? Nilienda ku biro. Balisema Chishimba iko mu mission, safari ya kazi. Mission! Nilitukana mulinzi bure, masikini, ye hana kosa.

Siku ya ine ya wiki, 27 Mei

Semineri ya projet. « Gestion ya maarifa », ni kusema kuchunga maarifa — imeandikwa kubwa pa ukuta. Balitugawia rapo, ripoti yabo. Nilitafuta kaye yangu mule ndani. Iyi hapa, ukurasa wa kumi na moja: banamuke 412, banaume 268. Benye kuenda muji ya Chienge, ngapi. Benye kuenda kisiwa cha Kilwa, ngapi. Hata jina moja hakuna!

Nilisimama. Majina iko wapi? Chishimba: tuliyatosha mu rapo, mama, juu ya usalama ya benye majina. Vita haiyaisha, mutu mubaya anaweza kuyatumia. Hapo nilikubali. Si uongo. Lakini kaye yenyewe? Chishimba: iko Lusaka, ku archives, fasi banachunga makaratasi. Niandike barua ya kuomba. Niombe! Maandiko ya mukono yangu!

Nikauliza tena: haya maarifa munachunga juu ya nani? Muzungu alifurahi na swali. Alijibu murefu, Chishimba akafupisha: juu ya benye kutoa musaada, na projets za inchi zingine, bajifunze. Batu bakapiga makofi! Kwangu, kujua ni kumuambia mutu: mama yako iko kwa fulani, panda mashua ile. Kwabo ni kitabu. Sikukunywa chai yabo.

Siku ya tano ya wiki, 28 Mei

Asubui alishuka binti mumoja wa Pweto, Deborah, midomo imepasuka na jua. Anatafuta mama yake, Jessy. Alisema: "Ku ngambo ya Congo baliniambia, uliza Mama Berthe, ye iko na majina yote."

Majina yote!

Ninakumbuka ba-Jessy babili. Mumoja, muguu ilivimba, camion ya mizigo ilimupeleka Chienge. Mwingine alienda ku kisiwa cha Kilwa na bavuvi. Nilimuuliza: mama yako iko na shida ya muguu? Hajui — baliachana siku ya masasi ya bunduki, mwezi ya tatu. Iko murefu? Wa kadiri. Alivaa kikwembe gani, kitenge ya rangi gani? Akaanza kulia. Mimi niliandika ili nisibebe yote mu kichwa! Sasa kaye hakuna, na kichwa hakina kitu.

Camion ya Chienge ilianza kupiga honi. Mashua ya Kilwa ni kesho. Alinishika mukono: "Mama, niende wapi?" Kwa kumuangalia tu, nguvu iliyobaki ni ya safari moja.

Nilisema Chienge. Nilimusukuma kwa mugongo, akapanda.

Camion ingali pale sokoni, banapakia magunia ya mwisho. Ninaiona kutoka hapa. Ule wa muguu — ilikuwa Jessy, ao Jeanne? Kunda ananiuliza: uliona hakika? Ningali nimekaa, ninaandika.

Nilisema Chienge kwa sauti ya mutu mwenye anajua.