Samaki Aliyepigwa Busu

Dada Akinyi,

Pokea salamu kutoka Ayalandi, kwenye manyunyu yasiyojua kukoma. Wewe huko Alief, Texas, unaungua na jua, nami nakuonea wivu.

Samaki unayemwona pichani upande wa pili wa postikadi hii alivuliwa jana na shemeji yako Kevin. Hapa ndipo babu zake walipotoka kabla ya kwenda Texas, na tangu tufike ananiambia ati ukoo wao ni wavuvi tangu jadi. Nikaamini! Si unajua nilibeba unga wa ugali kutoka kwetu Irving? Nikaomba sufuria kwa mama mwenye nyumba tuliyofikia, nikakata nyanya na vitunguu, nikashuka ziwani alikokuwa akivua kuchukua kitoweo.

Nikamkuta Kevin anamvuta huyo jamaa wa pichani, mrefu kama mkono wangu. Nikapiga vigelegele. Kevin akapiga naye picha, akambusu mdomoni, kisha akamrudisha majini polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Ndiyo sheria ya hapa, mpenzi," akaniambia. "Wakubwa tunawaachilia."

Jamani, Akinyi, sisi tumezaliwa kando ya ziwa. Umewahi kuona wavuvi wanaoaga samaki? Ugali niliula na mayai, huku yeye akinisimulia habari za mashujaa wa ukoo.

Wasalimie watoto, nimewamiss sana. Tukija kwako utupikie samaki mbuta kama wa kwetu. Kichwa niwekee mimi. Kevin mpe hii postikadi ale.

Mdogo wako,
Atieno