Pombe ya Kaburi la Tereza

Kongwa, 9 Desemba 1912

Mdogo wangu Bushiri,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti. Wewe na watoto hapo Dodoma hamjambo?

Mvua imeanza. Niliwaita majirani kulima, nikawapikia uji, maana tangu nibatizwe kanisa halituruhusu kupika pombe. Hakuja mtu. Jirani Matonya alisema, "Bibi, jembe halishikiki kwa uji." Wakaja vikongwe wenzangu wa kanisani, Tereza na Ruthu, tukalima kwa kutambaa huku tukiimba. Nilicheka, kisha nikalia. Akina Matonya ndio wachimba makaburi wetu, nao huchimba kwa pombe. Nani atanizika mimi?

Dada yako,
Loisi


Dodoma, 2 Januari 1913

Dada, shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Barua yako imeniuma. Baba angetucheka: watoto wake wawili wameiacha pombe yake, kila mmoja kwa mlango wake! Lakini huku sisi wa msikitini humzika hata mgeni. Njoo ukae kwangu. Mtu kwao ndio ngao.

Mdogo wako,
Bushiri


Kongwa, 30 Machi 1913

Mdogo wangu, salamu. Nisamehe kimya changu.

Tereza amefariki. Sisi wa kanisani ni vikongwe watupu, na mwalimu wetu ana kifua kibovu. Tulijaribu kuchimba, udongo ukatushinda. Akina Matonya walikaa pembeni wakingoja. Nikawaahidi pombe, wakachimba. Baada ya matanga nikaipika mchana kweupe, maana ahadi ni deni.

Mwalimu amenitenga na Meza ya Bwana. Jumapili nakaa nje, nasikiliza dirishani. Inaniuma sana, Bushiri. Lakini Tereza amezikwa. Umesema mtu kwao. Kwetu sasa ni hapa alipolala yeye.

Dada yako,
Loisi


Kongwa, 17 Agosti 1913

Bwana Bushiri,

Salamu kwako na nyumba yako. Mimi ni Ruthu, rafiki wa dada yako. Pole sana. Loisi alifariki Alhamisi, kabla hajarudishwa mezani.

Nilimwendea Matonya nikamwambia nitapika pombe, mwalimu anitenge na mimi. Akakataa. "Bibi Ruthu, ya Tereza tulikunywa, tukaona ilivyomgharimu. Ya huyu hatunywi."

Walichimba tangu asubuhi, wakinywa maji tu. Mwalimu alianza sala, machozi yakamzuia, Matonya akamshika mkono mpaka akamaliza.

Amelala kando ya Tereza. Njoo umwone, ufikie kwangu.

Dada yako pia, ukikubali,
Ruthu