Kocha Aliyemtemesha Kusiima Udongo

Mama Rahmah, hebu nisikilize. Nimetoka uwanjani sasa hivi.

Leo mjukuu wangu Kusiima alibaki nyuma kwenye mazoezi ya mbio, yeye aliyewaacha wote mwaka jana. Kocha akamkuta anatafuna udongo aliobandua ukutani. Akamshika taya mbele ya wenzake, nami jaja yake niko pale pale na chupa ya uji! "Tema! Tazameni, mvivu anakula ukuta!" Mate ya udongo yakamchuruzika kidevuni, na yeye kocha anacheka.

Akamtemesha, Mama Rahmah! Kama mbwa!

Nikampeleka kwa nesi. Akamvuta kope chini, ndani kweupe kama ugali wa muhogo. Akampima. "Jaja, damu yake imepungua madini ya chuma. Ndiyo maana miguu ni mizito, ndiyo maana anatamani udongo. Ameze vidonge, apumzike, na maharage asishushie na chai, inazuia chuma."

Nikarudi na karatasi ya nesi. Kocha hata hakuisoma. "Lakini Jumamosi kwenye mashindano kule Bwera atakimbia, Jaja?"

Unajua mimi si mtu wa kelele. Nikamwekea mkononi ile namba ya kifuani ya mtoto, na pini zake nne.

"Ibandike kwako. Kakimbie wewe."