Kimo cha Maji Mlangoni Petu

Mürzlay, kando ya Mto Moseli
Oktoba, mavuno yamekwisha

Kwako dada yangu Irmtrud,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bremen, goti limetulia na shemeji amepunguza kukoroma. Huku sisi tu wazima. Zabibu zote zimeingia, mvua ilituonea haya ikanyesha kwa wengine, na mimi ndugu yako bado ndiye mwanamume anayetazamwa kuliko wote kijijini, hasa nikiwa juu ya trekta.

Kwa kuwa nusu ya nyumba yetu hii ni yako, habari hii isome ukiwa umekaa.

Baraza la kijiji lilitaka kubomoa nyumba ya Hedwig, mjane wa Ottmar, pale ng'ambo ya uchochoro wetu, lipate mahali pa kuegesha mabasi ya watalii. Nyumba imepakwa plasta hata haina sura, na ushahidi pekee kwamba ni ya kale, hivyo haifai kubomolewa, ni ile alama ya mafuriko ya mwaka 1784 iliyochongwa kwenye kona yake. Alama hiyo, wakasema, ni ya uongo, kwa sababu iko chini ya ile ya mlango wa ghala letu la mvinyo, na maji hayawezi kuwa na vimo viwili katika uchochoro mmoja. Eti marehemu Ottmar aliichonga kwa wivu. Unajua jinsi alama yetu inavyosifiwa kila tunapotundika fagio la matawi mlangoni, kutangaza kwamba tunauza mvinyo mpya. Wageni hupigia picha pale kuliko kanisani.

Basi akaja Bi Annegret wa ofisi ya majengo ya kale, msichana mwenye buti za kiume. Akasema kabla ya kubomoa, alama zote mbili zilinganishwe na ile ya ukuta wa kanisa, ambayo hakuna anayeibishia. Mashine yake ya kupimia kimo kwa mwanga ikashindwa kupinda kona. Mimi niliyefanya kazi kwenye majahazi ya mizigo toka Basel hadi Rotterdam nikamwambia aniachie, nikaleta mpira wetu mrefu wa kupitishia mvinyo ghalani, ule unaoonyesha ndani, maana maji ndani ya mpira hukaa kimo kimoja ncha zote mbili. Maji hayakuonekana vizuri, nikaujaza mvinyo mwekundu, ncha moja ikashikwa kwenye alama ya kanisa, nyingine nikaivuta hadi uchochoroni.

Hedwig alikuwa amesimama mlangoni na ndala zake. Akaniambia, “Kunibert, usiunywe kabla haujafika kwangu.”

Mvinyo ukafika, ukatulia juu ya mstari wake kama uliopimwa na fundi saa. Tukauleta kwetu. Ukasimama chini ya alama yetu, zaidi ya shubiri mbili. Lothar, mwenyekiti wa baraza, akasema mpira una hewa. Nikaitoa hewa yote, tukarudia, mvinyo ukagoma palepale. Lothar akaanza kudai jiwe la kanisa ndilo lililohamishwa, wakaenda kubishana huku wakila keki ya vitunguu.

Mimi udadisi uliniwasha, sikula. Nikachukua patasi nikakwangua rangi chini ya mlango. Dada, mawe yetu ya zamani yamekalia saruji. Ndipo nikakumbuka lile shinikizo kubwa la chuma la kukamulia zabibu, ambalo baba alilinunua tukiwa wadogo likakataa kupita mlangoni. Baba aliinua fremu yote ya mawe, na alama ikapanda nayo. Hakuchonga uongo wowote. Lakini kumbuka, wageni walipoistaajabia, sisi watoto ndio tuliokuwa tukipiga domo. Yeye alikuwa akijaza glasi tu, bila neno.

Ningeweza kupaka rangi upya. Kibao cha shaba ambacho baraza lilitaka kukiweka kwenye alama ya mlango wetu kilikuwa kimekwisha kuagizwa, na Hedwig alikuwa ameanza kufunga vyombo vyake.

Hapa ndipo ninapokuungamia: sikukuuliza. Jioni ile nilisimama mbele ya baraza la kijiji nikasema, “Alama ya kweli ni ya Hedwig. Yetu ilipanda baba alipoinua mlango. Njooni muone saruji.”

Walikuja na tochi, hata wale wasiotupenda. Lothar akauliza kibao sasa kiwekwe wapi. Nikamwambia akipeleke kwenye kona ya Hedwig, ngazi nitamshikia. Nyumba haibomolewi tena. Hedwig alinisubiri nje akasema, “Kwa mara ya kwanza maji ya kwenu yameshuka.” Kisha akanishika mkono, akauachia baadaye sana.

Ukikasirika, njoo unifokee ana kwa ana, chumba chako kina joto. Bi Annegret anauliza kama tuishushe alama yetu. Mimi naomba iachwe, ukikubali. Mgeni akiuliza, nitamwonyesha kona ya Hedwig na kumwambia maji yalifika pale. Hapa kwetu ndipo alipofika baba.

Msalimie shemeji na wanao, na goti pia.

Mimi ndugu yako akupendaye,
Kunibert