Potashi kwa Shemeji Makokha

Jumatatu, 12 Mei
Palizi tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mahindi yangu yako magotini. Bondeni, penye udongo mweusi, ya shemeji Makokha yameyapita. Bonde lile nililima na Barasa miaka yote ya ndoa yetu. Tulipomzika tu, mdogo wake huyu akahamisha mpaka, akaniachia kilima cha changarawe. Wazee wakanyamaza. Namchukia. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 22 Mei
Nilienda Kitale. Nimenunua potashi ya kuweka mashinani na chupa ya madini ya kunyunyizia majani. Msichana wa agroveti, pale wanapouza mbegu na dawa za shamba, alinieleza vizuri. Potashi husaidia jani kufunga vitundu vyake jua likiwaka, maji yasipotee ovyo. Mizizi nayo hupata nguvu. Si badala ya mvua, lakini mmea unavumilia. Ile ya chupa iwe nyepesi: kifuniko kimoja kwa pampu, na upige jioni. Ikizidi, au ukipiga saa sita za mchana, majani yanaungua.
Makokha alinikuta sokoni Naitiri nikishusha gunia. "Ati sasa unalisha mawe chumvi, shemeji?" Akacheka mbele ya watu. Wakacheka naye.
Potashi nimeiweka leo leo, udongo ukiwa bado na unyevu.

Jumapili, 8 Juni
Mvua imegoma. Ile ya chupa nimepiga jana jioni. Kanisani tumeiombea. Mimi niliomba isinyeshe bondeni.

Jumamosi, 21 Juni
Bado jua. Ya Makokha yanaamka yakiwa yamejikunja. Yangu yanajikunja mchana, jioni yanafunguka. Majani ya chini yamekauka, siwezi kusema uongo. Lakini yamesimama. Napita mpakani polepole nikijua ananiangalia. Raha.

Jumatano, 2 Julai
Amekuja mwenyewe. Kofia mkononi.
"Mama Nafula, si uniambie ulipiga nini, bana. Mahindi yanatoa mbelewele na jua ndiyo hili."
Ningeweza kumfukuza. Nilimpikia chai. Nikamtajia ile dawa ya chupa, jina lake la kweli. Halafu nikamwambia: vifuniko vinne kwa pampu. Saa sita, jua likiwa kali, ndipo inaingia vizuri.
"Asante, shemeji. Kumbe huna kinyongo."
Nilimsindikiza hadi barabarani. Usiku huu nimekula ugali kama mtu aliyefunga.

Jumanne, 8 Julai
Yameungua. Shamba zima. Kingo za majani zimekuwa kahawia, mbelewele nyeupe kama majivu. Anasema ni ugonjwa. Nilisimama mpakani nikampa pole. Nilifurahi. Hapa sifichi.
Jioni nilimwona mama mkwe katikati ya mistari, akipapasa bua moja moja. Mpaka ulipohamishwa, ni yeye tu aliyenitetea. Na chakula chake hutoka shamba hilo hilo la Makokha. Nililijua hilo. Hata nikimimina ile chai nililijua.

Ijumaa, 11 Julai
Sijatoka. Nimesema naumwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimevuna. Si kama mwaka wa mvua, lakini chakula kipo. Bondeni mabua walishakatia ng'ombe zamani.
Baada ya ibada mama mkwe alikuja na beseni. Hakuomba kitu. Aliketi kwenye mkeka, akaanza kupukuchua pamoja nami. Mikono yake bado ina kasi. Nilimjazia beseni, nikaongeza mpaka yakamwagika.
"Msimu ujao mwonyeshe Makokha wewe mwenyewe," akasema. "Simama naye pale akichanganya dawa. Siku ile hakusikia vizuri."
Hakunitazama.
"Nitasimama naye, mama."
"Sawa, mwanangu."
Akachukua hindi lingine. Tuliendelea kupukuchua mpaka mahindi yakaisha mkekani.